Kwa Nini Aliyepigwa na Kiharusi Huchoka Upesi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Sogeeni karibu na redio, na kila mtu awe na daftari na kalamu yake, maana leo tutafanya na hesabu kidogo.

Somo la leo ni la historia. Lakini si historia ya wafalme, wala si ya vita. Ni historia ya jambo ambalo huenda liko nyumbani mwako sasa hivi, au kwa jirani yako. Tutajifunza jinsi watu walivyokuja kuelewa kwa nini mtu aliyepigwa na kiharusi huchoka kwa kazi ndogo, na nini kinachoweza kumrudishia nguvu.

Tuanze na mfano. Mzee mmoja alipigwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilegea, na mguu wa kulia pia. Alilazwa hospitali, akapata nafuu, akarudishwa nyumbani. Sasa anaweza kusimama, na anatembea kwa mkongojo. Asubuhi hutaka kuvaa shati mwenyewe. Huanza na ule mkono mgonjwa. Huvuta, hupumzika, huvuta tena. Akimaliza vifungo, jasho linamtoka, naye anahema kama mtu aliyepanda mlima.

Mkewe anamtazama na kumwuliza, "Baba Asha, shati tu limekuchosha hivi?" Mwanawe naye anasema, "Baba, wewe lala tu. Usijisumbue. Sisi tutakufanyia kila kitu."

Ndugu zangu, mke anampenda mumewe, na mtoto anampenda babaye. Lakini wote wawili wamekosea. Mke anadhani shati ni kazi ndogo kwa kila mtu. Mtoto anadhani kulala ni dawa. Makosa haya si yao peke yao. Hata madaktari wakubwa wa dunia waliyafanya, na kwa muda mrefu. Hebu tuone.

KIHARUSI NI NINI

Hapo kale, watu wa nchi nyingi walipomwona mtu mzima mwenye afya akianguka ghafla, akapooza upande mmoja na ulimi ukawa mzito, hawakujua sababu. Wengine walisema ni pepo. Wengine walisema amerogwa. Wayunani wa kale waliuita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya kupigwa na kuangushwa. Nasi katika Kiswahili tunasema amepigwa na kiharusi. Ni ajabu jinsi watu walio mbali wanavyoweza kuona jambo moja kwa namna moja.

Mwaka 1658 daktari mmoja wa Uswisi, jina lake Johann Jakob Wepfer, wa mji wa Schaffhausen, alitoa kitabu. Alikuwa amepasua na kuchunguza vichwa vya watu waliokufa kwa ugonjwa huu. Akaona damu iliyomwagika ndani ya ubongo. Akafundisha kwamba ugonjwa unatoka katika mishipa ya damu ya kichwani.

Leo tunajua kwamba kiharusi ni cha namna mbili. Mara nyingi mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo huziba. Mara nyingine mshipa hupasuka. Ama huu ama ule, sehemu ya ubongo hukosa damu na kufa. Ubongo ndio unaoamuru mikono, miguu na ulimi. Ubongo wa upande wa kushoto huamuru mwili wa upande wa kulia, na wa kulia huamuru wa kushoto. Ndiyo sababu mtu hupooza upande mmoja.

JINSI JASHO LILIVYOPIMWA

Sasa tuulize: tunaweza kujuaje kwamba kazi fulani ni nzito au ni nyepesi? Gunia tunalipima kwa mizani. Njia tunaipima kwa maili au kwa kilometa. Je, kuvaa shati tutakupima kwa nini?

Jibu lilianza kupatikana Ufaransa. Alikuwako bwana mmoja mwenye elimu nyingi, Antoine Lavoisier. Yeye alionyesha kwamba mwili wa mtu ni kama moto wa jikoni. Moto hauwaki bila hewa, na mwili nao hauwezi kufanya kazi bila hewa. Ile sehemu ya hewa tunayoihitaji inaitwa oksijeni.

Karibu na mwaka 1790 Lavoisier alimketisha msaidizi wake, Armand Seguin, akamfunika uso ili ajue ametumia hewa kiasi gani. Kwanza Seguin alikaa kimya. Kisha akafanya kazi ya kukanyaga kwa mguu. Ikaonekana wazi kwamba alipofanya kazi alitumia oksijeni nyingi zaidi kuliko alipokaa. Mkewe Lavoisier, Bibi Marie-Anne, alikaa pembeni akichora picha ya kazi yote, na picha zake ziko hata leo. Lavoisier mwenyewe hakuishi kuendelea na kazi hiyo. Mwaka 1794, katika fujo za mapinduzi, alikatwa kichwa. Lakini mlango alikwisha kuufungua.

Mwaka 1911 Mwingereza, C. G. Douglas, alitengeneza mfuko wa kukusanyia pumzi. Mtu aliuvaa mgongoni, akatembea au akapanda mlima, na pumzi yake yote ikaingia mfukoni ipimwe. Katika miaka ya 1920 Mwingereza mwingine, A. V. Hill, aliwapima watu wakikimbia, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Akaona kwamba kila mtu ana mpaka. Unaweza kuongeza mbio, na oksijeni nayo inaongezeka, lakini hufika mahali haiongezeki tena. Hapo ndipo mwisho wa nguvu zako.

Shikeni maneno hayo mawili, ndugu wasikilizaji: kila kazi ina bei yake, na kila mtu ana mpaka wake. Tutayarudia.

ENZI YA KITANDA

Wakati wataalamu hawa walipokuwa wakipima watu wazima wenye afya, wagonjwa walikuwa wamelala. Kwa miaka mingi dawa kubwa ya kiharusi ilikuwa kitanda. Waliogopa kwamba mgonjwa akiinuka atapigwa mara ya pili. Basi aliambiwa alale, wiki baada ya wiki, na mara nyingi miezi.

Lakini wachache hawakukubali. Mmoja ni Louis Pasteur, yule Mfaransa aliyetufundisha mengi juu ya vijidudu vya maradhi. Mwezi wa Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipigwa na kiharusi, na upande wake wa kushoto ukapooza. Watu walidhani amekwisha. Lakini baada ya miezi michache tu alisafiri kwenda kusini mwa Ufaransa kuendelea na uchunguzi wake wa ugonjwa wa nondo wa hariri. Mguu wake ulibaki mzito na mkono wake wa kushoto ulikakamaa maisha yake yote. Hata hivyo, mwaka 1885, miaka 17 baada ya kiharusi, alimtibu mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na chanjo ile ikawa sifa kubwa duniani. Alifariki mwaka 1895.

Simwambii kila mgonjwa awe Pasteur. Kiharusi kingine ni kikali kuliko kingine. Lakini historia yake inatuonyesha kwamba kupooza si mwisho wa kazi ya mtu.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika Vita Kuu ya Pili. Hospitali za askari zilijaa. Daktari mmoja wa Marekani, Howard Rusk, aliona askari waliokuwa wakipona wamelala tu vitandani, wanatazama dari. Akaanza kuwapa mazoezi na kazi. Baada ya vita alipeleka mawazo hayo kwa raia mjini New York, hata kwa watu waliopooza. Alisema haitoshi kumwokoa mtu asife. Lazima afundishwe kuishi tena.

Je, kitanda chenyewe kina dhara gani? Mwaka 1966, katika mji wa Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya njema walikubali kulala kitandani kwa wiki tatu. Hawakuwa na ugonjwa wowote. Walipoinuka walipimwa, na ule mpaka wa nguvu zao ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Kisha walifanya mazoezi, nguvu zikarudi. Miaka 30 baadaye wanaume wale wale walitafutwa na kupimwa tena. Wachunguzi wakaona kwamba zile wiki tatu za kitandani ziliwapunguzia nguvu kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Fikirini vizuri, ndugu zangu. Ikiwa kijana mzima hupoteza robo ya nguvu zake kwa wiki tatu, mzee aliyepooza akilala miezi mitatu atabaki na nini? Kiharusi kimemwibia mara moja, na kitanda kinamwibia kila siku.

JIRANI WA KIJIJINI

Hapa nitawasimulia habari moja inayogusa kidogo pwani yetu. Mwaka 1938 kijana Mwingereza, jina lake Roald Dahl, alifika Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta. Alikaa Tanganyika, akajifunza Kiswahili, kisha vita vilipoanza akawa rubani. Baadaye alikuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto, akamwoa mwigizaji wa sinema wa Marekani, Bibi Patricia Neal.

Mwezi wa Februari 1965 Bibi Neal, akiwa na mimba na umri wa miaka 39, alipasukiwa na mishipa kichwani. Alizimia kwa wiki tatu. Alipozinduka upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, na maneno yamempotea. Walirudi kijijini kwao Great Missenden, Uingereza. Mume hakukubali mkewe awe anasaidiwa nusu saa tu kwa siku. Akawaomba majirani waje kwa zamu. Huyu alikuja kumfanyisha mazoezi ya kusema, yule ya kusoma, mwingine ya kuhesabu, na hivi kila siku kwa saa nyingi. Watu wengine walimwona mume huyu kuwa mkali mno, na Bibi Neal mwenyewe alichoka sana. Lakini mwaka ule ule alijifungua mtoto salama, na mwaka 1968 alionekana tena katika sinema. Majirani wale hawakuwa madaktari. Kutokana na kazi yao ulianza mpango wa watu wa kujitolea kuwasaidia wagonjwa wa kiharusi nchini Uingereza.

SASA TUPIGE HESABU

Chukueni kalamu. Mnakumbuka yale maneno mawili? Kila kazi ina bei yake, na kila mtu ana mpaka wake.

Tutatumia kipimo chetu wenyewe. Tuseme mtu akikaa kimya kwenye kiti anatumia kibaba 1 cha nguvu. Wataalamu hukipima kwa oksijeni, nasi tutasema kibaba. Kuoga, kuvaa na kazi nyingine nyepesi za nyumbani huchukua vibaba 2 au 3. Kutembea mahali tambarare, vibaba 3 hivi. Kupanda ngazi, au kulima kwa jembe, vibaba 5 au zaidi.

Mtu wa miaka 60 asiye mgonjwa, hata kama hafanyi mazoezi, anao mpaka wa vibaba 7 hivi. Akitumia 3 kuoga na kuvaa, anabakiwa na 4. Hahisi kitu.

Sasa mchukueni Baba Asha. Watu wengi waliopimwa baada ya kiharusi walionekana kuwa na karibu nusu tu ya nguvu za wenzao wa umri ule ule. Basi tumpe vibaba 4. Akitumia 3 kuvaa shati, anabakiwa na kimoja. Katika kila vibaba vinne ametumia vitatu. Kwake shati ni kama jembe kwa jirani yake.

Na si hivyo tu. Bei nayo imepanda. Mkono mgonjwa ni mzito na umekaza, hivyo ule mzima unafanya kazi ya miwili. Mguu mgonjwa haukunjiki vizuri, hivyo anauzungusha pembeni, na kiuno chote kinainuka. Katika miaka ya 1970 na baadaye wagonjwa wengi walipimwa wakitembea. Ilionekana kwamba kutembea mita moja kwaweza kumgharimu mgonjwa mara moja na nusu, hata mara mbili, kuliko mtu mzima. Ndiyo sababu hutembea polepole. Si uvivu. Ni kama mtu ambaye mshahara wake umekatwa nusu, na siku hiyo hiyo bei ya unga dukani imepanda.

Mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Utamwambia, "Usinunue unga"? Hapana. Utamsaidia kufanya mambo mawili: aongeze pato lake, na atumie kwa akili.

JINSI YA KUONGEZA PATO

Kwa miaka mingi madaktari walifundisha viungo vya mgonjwa tu, mkono na mguu, bila kufikiri sana juu ya moyo na pumzi. Mwaka 1995 wachunguzi wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 42. Baadhi yao waliendesha baiskeli isiyotoka mahali pake, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 10. Mpaka wa nguvu zao ulipanda kwa asilimia 13 hivi. Mwaka 2005 wengine, katika mji wa Baltimore, waliwatembeza wagonjwa juu ya mashine ya kutembelea, mara tatu kwa wiki kwa miezi sita. Hawa walikuwa wamepigwa na kiharusi zamani, si jana. Hata hivyo nguvu zao zilipanda kwa asilimia 17.

Piga hesabu: asilimia 17 ya vibaba 4 ni karibu robo tatu ya kibaba. Mtaniuliza, "Mwalimu, robo tatu ya kibaba ni kitu gani?" Kwa tajiri si kitu. Kwa mwenye akiba ya kibaba kimoja, ni karibu kuizidisha mara mbili. Ni tofauti ya kufika chooni peke yako na kungoja kushikwa mkono.

Lakini tuwe na kiasi. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano, ulioongozwa kutoka Australia. Baadhi yao waliinuliwa kitandani mapema sana, ndani ya saa 24, na kwa mazoezi mengi. Wao hawakupona vizuri kuliko wengine, bali matokeo yao yalikuwa mabaya kidogo. Basi siku ya kwanza na ya pili si za kukimbiliana. Daktari na wauguzi ndio waamue lini mgonjwa aanze na kwa kiasi gani.

NYUMBANI KWETU

Msidhani ugonjwa huu ni wa Ulaya na Marekani tu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wagonjwa wapya wa kiharusi walihesabiwa katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Walipatikana 636. Watu walipolinganishwa umri kwa umri, Hai ilikuwa na wagonjwa 109 hivi kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 316 hivi. Shinikizo la damu ni sababu kubwa.

Hatuna mashine ya kutembelea katika kila kijiji. Lakini tunayo njia ya kwenda kwa jirani, na tunacho kigoda. Mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa na daktari aweza kufanya hivi. Leo atembee mpaka kwenye mwembe, na mtu wa nyumbani akiwa kando ya upande mgonjwa ili asianguke. Apumzike. Arudi. Akizoea, wiki ijayo avuke mwembe kidogo. Tena asimame na kukaa kwenye kiti imara mara chache, apumzike, arudie. Kipimo ni hiki: ahisi pumzi imeongezeka, lakini bado aweze kuzungumza nawe. Akiumwa na kifua, akisikia kizunguzungu, au pumzi ikimbana, aache mara moja na apelekwe kwa daktari. Na dawa za shinikizo la damu asiziache kwa sababu anajisikia vizuri.

Juu ya kutumia kwa akili: asioge, akavaa, akaenda sokoni mfululizo. Aoge, apumzike. Avae akiwa ameketi. Kazi nzito aifanye wakati ana nguvu, na kwa watu wengi wakati huo ni asubuhi. Tena jueni kwamba uchovu wa kiharusi una sababu nyingine pia, kama huzuni, usingizi mbaya na dawa. Uchovu usiokwisha uelezwe hospitali.

Na sisi tulio wazima tufanye nini? Tusimcheke, na tusimnyang'anye kazi yake. Anapovaa shati, keti karibu, mngoje. Mkono wako uwe tayari, lakini usiwe na haraka. Lile shati ndilo shamba lake la asubuhi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa Baba Asha neno hili si la nafaka tu. Ndugu wasikilizaji, somo letu limeishia hapo. Kwaherini mpaka wiki ijayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Wepfer aligundua nini mwaka 1658?
2. Vijana watano wa Dallas walipoteza nini, na kwa sababu gani?
3. Mtu mwenye vibaba 7 na mtu mwenye vibaba 4 wote wametumia 3. Kila mmoja amebakiwa na vingapi? Nani atachoka zaidi?
4. Mke wa Baba Asha alikosea wapi? Mtoto wake alikosea wapi?
5. Je, kuna mgonjwa wa kiharusi karibu nanyi? Majirani wanaweza kumsaidia kwa zamu namna gani?